Urefu wa antena hupimwa, haukisiwi

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa ufundi, msomaji aliyelalamika kwamba redio yake ya FM inakwaruza alishauriwa afunge waya mrefu kadiri awezavyo. Nimetengeneza redio tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na ushauri huo nimeusikia mara nyingi sana. Kwa FM haufai, naomba usahihishwe.

Ushauri huo ulikotoka nakujua. Kwenye masafa ya kati (AM), tuseme kilohezi 1,000, wimbi moja lina urefu wa mita 300. Robo yake peke yake ni mita 75. Waya tunazofunga huko zote ni fupi mno, ndiyo maana ukiongeza kutoka mita 10 hadi 20 redio inachangamka kweli. Waliozoea masafa hayo hawakukosea.

FM ina hesabu yake. Chukua 300, gawa kwa megahezi za stesheni unayoitaka, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Stesheni ikiwa 98, wimbi ni mita 3.06 na nusu yake, ambayo ndiyo urefu wa antena, ni 1.53. Toa asilimia tano hivi, maana kwenye ncha za waya umeme huuona waya mrefu kuliko ulivyo. Inabaki mita 1.45, yaani vipande viwili vya karibu sentimita 73 vilivyonyooka mstari mmoja. Kebo ya koaksia (ile ya antena ya televisheni) ya omu 75 inaunganishwa pale katikati: waya wa ndani kipande hiki, wavu wa nje kipande kile. Mtu akifunga mita tatu badala ya hizo, ukinzani pale katikati hupanda mno, na sehemu kubwa ya mawimbi yaliyonaswa haiingii kwenye kebo.

Hata hesabu ikiwa sahihi, kisu kinaweza kuivuruga. Niliwahi kukata sentimita 73 kamili kila upande, nikasahau kwamba ncha lazima ipitishwe kwenye tundu la kizio (kipande kisichopitisha umeme), ikunjwe na kusokotwa. Nilipopima tena, kila upande ulikuwa na 69. Antena ya 98 ilikuwa imekuwa ya 103! Kwa kusikiliza tu, huenda usiitambue tofauti hiyo. Kwa mwenye leseni ya kurusha matangazo ni hasara, kwa kuwa sehemu ya nguvu inarudi kwenye mtambo. Tangu hapo huacha sentimita tano za ziada kila upande, nasokota kwanza, kisha napima kuanzia katikati hadi kwenye mkunjo. Waya ukizidi, napunguza kidogo kidogo pande zote mbili sawasawa.

Huyo msomaji wenu mwambieni pia asielekeze ncha za antena kwenye mnara wa stesheni. Ubavu ndio unaopokea.

Fundi redio mstaafu