Kichaka kimoja, ripoti mbili

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu kuhusu hizi ramani za hali ya malisho zinazotolewa na ofisi za mikoa.

Nimewahi kubeba ile fremu ya mbao ya kuhesabia majani, mita moja kwa mita moja, unailaza chini unapiga magoti unaandika kila kilichomo, nyasi gani, magugu gani, udongo mtupu kiasi gani. Sasa siku moja tukafika kwenye jiwe la mpaka wa mikoa miwili, kuna kichaka cha miiba kimekaa hapo katikati, sisi tukakiandika uvamizi, yaani mmea unaovamia na kuharibu malisho, wenzetu wa upande wa pili kumbe walishakiandika malisho ya mbuzi. Kichaka ni kilekile jamani! Ramani zilipounganishwa mpaka ukatokea kama umekatwa kwa kisu, huku nyekundu kule kijani, na kikao kizima kikaanza kujadili eti kwa nini huku kumeharibika.

Pale hapakuharibika kitu, tofauti ilikuwa kwenye fomu. Tena wao walipima mvua ikiwa imetoka kukatika, sisi tukaenda kiangazi kimeshakolea, hapo unalinganisha nini na nini?

Najua mtu ataniambia siku hizi kuna setilaiti. Kweli, Landsat zinapiga picha tangu 1972 na kuanzia 2008 picha zake ni za bure, Sentinel-2 nazo zinarudi palepale kila siku 5 hivi na zinaona mpaka kipande cha mita 10, na setilaiti haijui mkoa unaishia wapi, hapo ndo raha yake. Ila inachosoma ni ukijani. Nyasi za kudumu zikifa pakaota vichaka, kwenye kompyuta panaweza kung'aa kuliko zamani, mtaalamu anashangilia, mchungaji anaona ng'ombe wanarudi na njaa.

Basi hizo ofisi za mikoa zikae pamoja kabla ya kupima, siyo baada. Orodha ya mimea iwe moja (na majina ya wafugaji yaingie, wanaijua kuliko sisi), wapime majani yakiwa hatua ileile ya kukua, siyo tarehe ileile, maana mvua haifiki kote siku moja. Halafu viwepo vipande vya ardhi palepale mpakani vinavyopimwa na timu zote mbili siku moja bila kuchunguliana, na majibu yakipishana hapo, ramani isitoke kwanza.

Msomaji wenu wa siku nyingi