Mkono wako si mkono wangu

Mpendwa Rehema,

Pole sana, shoga yangu. Barua yako nimeisoma jana usiku, leo asubuhi nikairudia, na kila nikifika pale unapouliza kama mkono wako utakuwa kama wangu, machozi yananilenga. Nikujibu hilo kwanza, mengine tutaongea.

Dawa ya saratani iliyotuvujia nje ya mshipa ni ileile, doksorubisini, ile nyekundu. Ila wewe ulisema "inaniunguza" papo hapo. Nesi akafunga dripu, akaiacha kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, ilipo ili avute kwa sirinji dawa iliyobaki, akauchora kwa kalamu mpaka wa wekundu. Ukawekewa barafu, na kabla ya saa 6 kupita tangu ivuje ukaanza kupewa deksrazoksani, dawa ya kuzuia madhara ya ile iliyovuja, kwa mkono wa pili, siku 3 mfululizo. Mimi nilijikaza, nikidhani kuungua ndiyo tiba yenyewe. Nilipopata ujasiri wa kusema, niliambiwa ni kawaida. Dripu ikaisha yote.

Wiki ya kwanza palikuwa pekundu tu. Baadaye pakakakamaa, katikati pakawa peusi, kidonda kikafunguka. Daktari wa upasuaji alinieleza kwamba dawa hii hung'ang'ania ndani ya seli. Seli ikifa inaitema, nayo inaingia kwa jirani. Ndiyo maana kidonda huendelea kutambaa wiki nyingi baada ya dripu. Ilibidi akate nyama iliyokufa, na siku ya kubadilisha bandeji niliziona kano zangu mwenyewe, nyeupe, zikicheza nilipojaribu kuinua kidole. Kisha wakapandikiza ngozi kutoka pajani. Paja liliniuma kuliko mkono! Mpaka leo nafanya mazoezi ya kukunja ngumi, na kifungo cha juu cha blauzi bado kinanishinda.

Wewe umeshatibiwa mapema, Rehema, na hilo lina uzito. Katika majaribio ya deksrazoksani yaliyochapishwa 2007, kati ya wagonjwa 54 waliopimwa matokeo, aliyehitaji upasuaji ni mmoja tu. Lakini usiache kuutazama huo mkono eti kwa sababu hauumi. Wangu ulinidanganya hivyohivyo. Ukiona lengelenge, weusi, au wekundu umevuka ule mstari wa kalamu, nenda siku hiyohiyo, usingoje kliniki ijayo. Na homa usiilalie, maana deksrazoksani nayo hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, na kemo, yaani dawa zetu za saratani, imeshazishusha.

Shangazi yako mwambie kwa upole asikukande kwa maji ya moto. Najua anakupenda. Joto hutumika kwa dawa nyingine, kama vinkristini; kwa hii yetu ni baridi, na usipasugue wala usipake kitu ambacho daktari hajakuagiza. Ukilala, mkono uweke juu ya mto.

Kabla ya mzunguko ujao, waulize kuhusu kuwekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa kifuani, maana mishipa ya viganja vyetu imechoka. Nao wasipokuuliza unajisikiaje dripu ikiwa inaingia, sema mwenyewe. Sema hata mara kumi.

Nitumie picha ya mkono kila Ijumaa, mahali palepale dirishani, uweke rula pembeni ili tuone kama panapungua. Ya kwanza naisubiri wiki hii.

Wako akupendaye,
Mwanaidi