Njia ya kwenda kwenye michoro ya Kolo iwafikirie wazee na wenye ulemavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wanaohusika na Michoro ya Miambani ya Kondoa waitazame upya njia ya kuifikia, safari hii wakimfikiria mzee, mama mjamzito, anayetumia kiti mwendo na asiyeona.

Mwezi Agosti mwaka jana nilimpeleka mama yangu Kolo, kijiji cha Kondoa kilicho karibu na michoro hiyo. Ana umri wa miaka 74, anatembea kwa mkongojo, na kwa kuwa ni Mrangi wa huko huko, Mungomi wa Kolo, mlima wenye baadhi ya michoro hiyo, kwake si kivutio cha utalii bali ni mahali ambapo wazee wake walikwenda kuomba mvua. Kabla ya safari nilimweleza hali yake mtu aliyetuandalia usafiri, naye akanihakikishia kwamba ni kilima kidogo tu. Tulipofika, mama alitazama juu, akaushika mkongojo kwa mikono miwili, akaanza kupanda. Hatukuwa tumekwenda mbali jiwe alilokanyaga likabiringika, akaanguka. Namshukuru Mungu hakuvunjika, lakini kiganja kilichunika na damu ikachirizika hadi kwenye kanga, nami sikuwa nimebeba hata bandeji. Nilimfunga kwa leso yangu. Akabaki kivulini na dereva, mimi na wajukuu wake tukaendelea.

Niliporudi nilimwonyesha picha kwenye simu. Alizitazama kwa muda mrefu zile sura nyekundu za watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa, kisha akaniuliza, "Na pale pa kuombea mvua, mwanangu, umepapiga picha?" Sikuwa nimepapiga, kwa sababu sikupajua. Aliyepajua alikuwa amekaa chini ya mti.

Najua mlima hauwezi kusawazishwa, na sitaki mtu yeyote amwage zege mbele ya michoro iliyolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Miamba yenye michoro ni zaidi ya 150, imetawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336, na mingi itabaki kuwa ya wenye miguu imara. Hata hivyo, sikubaliani na wanaodhani kwamba kumrahisishia mgeni njia ni kuuhatarisha urithi. Mgeni asiye na njia ya uhakika hujitafutia yake: hushika mwamba asiteleze, hukanyaga pembeni, hutimua vumbi linaloishia kwenye michoro, na mvua zinapoanza Desemba nyayo zake hugeuka vijito. Sisi wa Kondoa tunajua korongo linavyozaliwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu hiyo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili ardhi ipone. Ujuzi wa kupanga mawe na kuyageuza maji kwenye mteremko tunao hapa hapa nyumbani, na ndio unaohitajika kwa njia moja iliyo imara, yenye mbao za kushikilia palipo pakali na mahali pa kupumzikia penye kivuli.

Mgeni aambiwe ukweli kabla hajatoka Dodoma: njia ni ndefu kiasi gani, ni kali wapi, na ageuzie wapi akichoka. Sanduku la huduma ya kwanza na machela viwe karibu na mlima, maana akivunjika mtu huko juu hakuna gari litakalomfuata.

Kwa wasioweza kabisa kupanda, Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, mwaka mmoja kabla ya kutunga sheria yetu wenyewe, unataka wafikie maeneo muhimu ya utamaduni wa taifa kadiri inavyowezekana. Kinachowezekana Kolo ni chumba kijijini chenye sakafu sawa na mlango mpana, ambamo picha za michoro zimewekwa kwa ukubwa wake halisi, ile myekundu ya wawindaji na ile myeupe ya wakulima waliokuja baadaye. Pembeni ziwepo nakala zenye mistari iliyoinuliwa ambazo asiyeona anaweza kuzipapasa, kwa kuwa ile ya asili haipaswi kuguswa na mtu yeyote.

Ninachoomba kifanyike kabla ya mvua zijazo si kikubwa: wanaohusika wapande mlima ule wakiwa na wazee wanaofanya matambiko pale, fundi wa mawe na watu wenye ulemavu wa wilaya hii, waandike kila mahali watakapolazimika kusimama. Mama yangu yuko tayari kwenda nao hadi atakapofika.

Msomaji wako,
Dodoma