Barua kwa Mwanangu Anayeandika Vichekesho

Mwanangu,

Mama yako ameniambia umemwandikia mhariri barua ya malalamiko, tena ndefu kuliko kisa chenyewe alichokikata. Naomba uwe hujaituma. Kama imeshakwenda, basi, ila Jumamosi ukiripoti kazini usianze na hilo.

Nimezisoma nakala zote mbili, yako na hiyo iliyokatwa. Iliyokatwa ndiyo iliyonichekesha. Yule karani wako anayeingia kwa bosi akihema, shati limemtoka nje, halafu anasema, "Nimekuja kuomba ruhusa ya kuchelewa jana," ni mtu hasa, sijui umemtoa wapi. Na "jana" umeiweka mahali pake, mwisho kabisa, kisha nukta. Ungeitanguliza tu, kisa kingekufa. Hiyo ni kazi yako, si ya mhariri, na nimemsomea shangazi yako mara mbili.

Lakini hukuishia hapo. Ukaongeza kwamba bosi aliduwaa, wenzake wakaangua kicheko, na kwamba kweli jamaa yule alikuwa kituko. Ya nini? Msomaji ameshacheka anaondoka zake, wewe unamkimbilia mlangoni kumweleza alichochekea. Ukishamwambia msomaji kwamba watu walicheka, umemnyang'anya kazi yake, naye hapendi.

Chukua kisa cha Abunuwasi na sufuria. Anaazima kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani, anasema imezaa. Jirani anapokea vyote viwili, hata haulizi. Mara ya pili hairudishi, anasema imekufa. Jirani anafoka, sufuria itakufaje? Naye anajibiwa kwamba aliyekubali imezaa na akubali imekufa. Basi. Hakuna mahali tunapoambiwa jirani alikuwa mlafi. Tumeshaiona mikono yake ikipokea. Tena angalia, si upuuzi mtupu. Ukishakubali uongo wa kwanza, wa pili unafuata kwa haki kabisa, na jirani ananaswa na hesabu yake mwenyewe. Waarabu hukisimulia kwa jina la Juha, Waturuki kwa jina la Nasreddin Hodja, na msimulizi mwenye akili hunyamaza palepale.

Najua utaniletea wanafalsafa, maana vitabu vyako bado vimejaa sebuleni. Mwaka 1790 Kant aliandika kwamba kicheko huja pale matarajio yaliyokazwa yanapogeuka ghafla kuwa si kitu. Sawa, na karani wako anaingia humo: tunangoja udhuru, tunapewa ombi lililokwisha muda. Ila hakuna aliyewahi kucheka kwa kusoma sentensi ile. Isome, uielewe, kisha uiache rafuni unapoandika.

Nirudi kwa mhariri. Umelalamika kwamba amekupa nafasi ndogo. Chekhov, yule mwandishi Mrusi, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari Moscow aliandikia magazeti ya vichekesho ili familia yake ipate riziki, na mhariri wa jarida moja la St. Petersburg, Leykin, alimbana kwenye mistari kama 100 hivi. Humo kilitoka, mwaka 1883, kile kisa cha mtumishi wa serikali anayempigia chafya jenerali kwenye ukumbi wa maonyesho. Anaomba radhi. Jenerali anasema si neno. Anaomba tena, anamfuata wakati wa mapumziko, kesho yake anamfuata ofisini, anakwenda tena, mpaka jenerali anamfukuza kwa ukali. Anarudi nyumbani, anajilaza kwenye kochi bila kuvua sare, anakufa. Kifo kizima kimeandikwa kwa neno moja, mwanangu! Ungekuwa wewe, tungepewa aya nzima ya mazishi na hotuba ya jenerali.

Na ukitazama, karibu kisa chote ni jambo moja likirudiwa. Kurudia si kosa, mradi kila mara hali izidi kuwa mbaya kidogo. Wewe hurudia ili nisisahau. Tabia hiyo hukuiokota barabarani; mama yako ananiangalia hapa ninapoandika.

Sura yako nayo ilinde. Mark Twain, mwandishi wa vichekesho wa Marekani, alisema mwaka 1895 kwamba hadithi ya kuchekesha husimuliwa kwa uzito, msimulizi akificha kabisa kwamba hata anahisi kuna cha kuchekesha. Kwenye karatasi sura yako ni zile alama za mshangao tatutatu na maneno kama "cha ajabu" na "eti". Umeweka nyingi mno. Karani wako hajui kwamba anachekesha, na ndiyo maana nampenda. Usimkonyeze msomaji nyuma ya mgongo wake.

Kuna jambo moja ambalo mhariri amekosea. Saa ya mezani aliyoikumbatia karani, ile inayolia bosi akiwa katikati ya maneno, ameifuta. Hiyo ipiganie. Usidai nafasi zaidi, dai saa, na sentensi tatu za mwisho mwachie azichukue kwa kubadilishana. Na ukiandika barua nyingine ya malalamiko, iwe na mstari mmoja. Mmoja tu, bila kueleza kwa nini saa inachekesha.

Umefunga mizigo? Sanduku kubwa zipu yake imeharibika, lifunge kwa kamba au chukua la mama yako, ila mwombe mwenyewe, usinitume mimi. Bomba la jikoni bado linavuja. Fundi amekuja, akalitazama sana, akaondoka. Ufunguo wa kabati la vitabu uko kwako, uache mezani kabla hujaondoka. Mdogo wako anauliza kama chumba chako sasa ni chake. Nimemwambia angoje mpaka uondoke, naye ameniomba ratiba ya basi.

Baba yako