Ni Matabaka Gani ya Ramani Yanayokigusa Kiwanja Chako?

Wateja wanaotaka kununua kiwanja huku Lamu, iwe Mokowe, Hindi au Shela, hutuletea nakala ya hati na ramani ya upimaji, kisha huuliza kama kuna hifadhi, msitu wa mikoko, barabara iliyopangwa au eneo la bandari lililoingia humo. Kwa kompyuta, kazi yenyewe ni kutafuta, miongoni mwa matabaka mengi ya ramani (kila tabaka hubeba aina moja ya taarifa, kama misitu au barabara), yale yanayoingiliana na eneo lililochaguliwa.

Jibu la haraka ndilo linalopotosha. Kila tabaka lina mstatili unaolizunguka lote, na programu huanza kwa kulinganisha mistatili hiyo kwa sababu ni hesabu nyepesi. Chukua tabaka la mikoko ya Lamu, kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mikoko hiyo imefuata hori na mikono ya bahari kutoka Kiunga hadi upande wa Mkunumbi, lakini mstatili wake unafunika pia mashamba makavu ya Hindi yasiyo na hata mkoko mmoja. Mikoko ya nchi hii ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932. Kwa hiyo mnunuzi anayeonyeshwa orodha ya mistatili pekee huenda akaiacha ardhi isiyo na kasoro yoyote.

Sisi huichukulia orodha hiyo kuwa mchujo wa kwanza tu. Baada yake tunalinganisha maumbo halisi, na katika programu ya ramani iitwayo QGIS ipo zana inayotoa, kwa kila tabaka la maeneo, ukubwa wa sehemu iliyoingiliwa na asilimia yake. Tabaka linaloshiriki mpaka na kiwanja bila kuingia ndani litahesabiwa kuwa limegusa, ingawa eneo lililoingiliana ni sifuri, nasi huliandika kando kwa sababu jirani akiwa hifadhi ni jambo la kujua mapema. Barabara na nyaya za umeme zilizochorwa kama mistari hazina eneo kabisa, hivyo tunazipima kwa urefu.

Linalotusumbua zaidi ni mfumo wa koordineti, yaani msingi wa namba zinazoonyesha mahali kitu kilipo. Ramani nyingi za zamani za Kenya zimejengwa juu ya mfumo uitwao Arc 1960, ilhali simu hutumia mwingine, WGS 84, na anayezichanganya bila kuzigeuza husogeza kiwanja kwa takriban mita 300. Kiwanja cha ekari moja chenye umbo la mraba kina upande wa mita 64 hivi. Kosa hilo basi linaruka majirani kadhaa na kukuletea majibu ya ardhi ya mtu mwingine. Programu hugeuza yenyewe iwapo kila tabaka limetaja mfumo wake, lakini faili zinazopitishwa kwa WhatsApp mara nyingi hufika bila maelezo hayo, nasi hatuzitumii mpaka zimethibitishwa.

Ripoti yetu hutaja matabaka yote yaliyochunguzwa, hata yasiyogusa, pamoja na tarehe ya kila moja. Haichukui nafasi ya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi wala ya mpima ardhi kukagua mawe ya mpaka. Ukija, leta koordineti za mawe hayo kama mpima alivyoziandika, na ikiwa ulizichukua mwenyewe kwa simu, tuambie.