Ule si udongo, na adui yake si mvua

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma ile makala yenu ya kurasa za michezo kuhusu kujenga uwanja wa tenisi wa udongo, nikacheka kwanza, afu nikaacha kucheka manake nikakumbuka kuna mtu ataikata ile makala ampelekee fundi. Mwandishi wenu anasema sawazisha ardhi, mwaga udongo mwekundu, shindilia, chora mistari, cheza. Basi. Na mwisho kamalizia kwamba tatizo lake ni moja tu, mvua. Mi nimeshika reki na mpira wa maji kwenye viwanja hivi miaka 19 kabla mgongo haujanikatalia, kwa hiyo naomba nafasi kidogo nijibu, na mnisamehe nikirefusha.

Jina ndo linatudanganya. Tunaita uwanja wa udongo ila kile chekundu mnachokiona kwenye TV wachezaji wanateleza nacho ni tofali, matofali ya kuchoma yaliyosagwa yakachekechwa. Na ndivyo ilivyoanza. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1880 huko Cannes, Ufaransa, ndugu wawili Waingereza, William na Ernest Renshaw (huyo William ndo yule aliyechukua Wimbledon mara 7), waliona nyasi za viwanja vyao zinaungua na jua, wakachukua unga wa vyungu vilivyovunjika wakaumwaga juu ya nyasi kuzifunika. Vyungu, siyo udongo wa kuchimba shambani. Tofauti ya chungu na udongo ni moto, na hapo ndo mambo yote yalipo: udongo mbichi ukipata maji unalainika unanata, ukikauka unapasuka, lakini tofali lililoiva hata uliloweke mwezi mzima linabaki tofali, maji yanapita katikati ya chembe zake na mguu unateleza juu yake vizuri bila kuzama.

Niliwahi kuitwa sehemu moja, sitaitaja, wamejenga uwanja mpya mwekundu unang'aa, siku ya kwanza ya manyunyu wachezaji wanatoka na tope limeshika soli hadi wanaonekana wamerefuka. Fundi anaapa kasaga matofali. Nikaokota vipande viwili pale kwenye rundo lililobaki nikavitia kwenye ndoo ya maji nikaenda zangu kuangalia neti, niliporudi kimoja kipo vilevile na kingine kimeshakuwa uji. Matofali hayakuiva. Sijui walipewa yale ya pembeni ya tanuri au vipi, ila ilibidi watoe safu yote kwa toroli, siku tatu nzima. Kwa hiyo ndoo ya maji ni mtihani wa bure, yeyote anayetaka kujenga aanze nayo kabla hajalipa hata lori moja.

Sasa hilo tofali lenyewe ni kidogo mno na hapa ndo makala yenu imepotea kabisa. Pale Roland Garros, Paris, kunakochezwa mashindano ya French Open, viwanja vilivyojengwa 1928 na ambako Mhispania Rafael Nadal kachukua taji mara 14, ule wekundu una unene wa milimita 1 hadi 2 tu! Milimita. Chini yake kuna chokaa nyeupe ya mawe yaliyosagwa, sentimita 6 au 7 hivi, hiyo ndo mchezaji anaikanyaga hasa na ndo inayoudundisha mpira, chini ya chokaa kuna yale mabaki magumu yanayobaki makaa ya mawe yakishaungua, yana vitundu vitundu yanashika maji na kuyaachia taratibu, halafu chini kabisa ni mawe na kokoto za kupitishia maji. Kwingine watu hawana hayo mabaki ya makaa wanatumia changarawe ndogo na inafanya kazi, hainisumbui. Kinachonisumbua ni mtu anayemwaga sentimita 10 za unga mwekundu juu ya ardhi tupu akidhani kadiri ulivyo mwingi ndo uwanja mzuri. Huo ni ufukwe. Mpira ukitua unakufa hapohapo.

Na rangi isiwababaishe. Wamarekani wanatumia mawe ya kijani yaliyosagwa, hata mashindano yao makubwa ya US Open yalichezwa juu ya kijani 1975 hadi 1977. Mashindano ya Madrid mwaka 2012 wakaja na bluu eti mpira uonekane vizuri kwenye TV, wachezaji wakalalamika wanaanguka ovyo kama wako kwenye sabuni, mwaka uliofuata wakaambiwa warudishe wekundu.

Kuhusu vipimo sina mengi. Mistari ya nje ni mita 23.77 kwa 10.97, ila usijenge uzio hapo, eneo zima liwe angalau mita 36.57 kwa 18.29, na kama una nafasi zaidi nyuma ya msitari wa mwisho ongeza, kwa sababu kwenye udongo watu wanasimama mbali na wanafika kwenye uzio wakiwa bado wanateleza.

Mteremko ndo wa kukaa nao. Uwanja unaoonekana tambarare kabisa haujajengwa vizuri, unatakiwa uiname kidogo sana, kama milimita 3 kwa kila mita, upande mmoja kwenda upande wa pili, bamba moja toka mwanzo mpaka mwisho. Kwa upana wa mita 18 hiyo ni kama sentimita 5 na nusu, ukisimama pale huwezi kuona kwa macho, mpaka uvute uzi. Mafundi wa barabara wana ugonjwa mmoja, wanapenda kuinua katikati maji yashuke pande mbili kama lami, we ukiondoka kidogo wameshainua, hawajui kabisa wanakukosesha neti, manake urefu wa neti unapimwa toka chini na katikati inatakiwa mita 0.914, sasa ukishaweka tuta pale katikati neti utaifunga wapi? Na ukizidisha mteremko, mvua moja tu inakusanya unga wako wote na kuurundika kwenye kona ya chini. Nimeuzoa mara nyingi kwa sepeto nikiurudisha juu, na mvua iliyofuata ukashuka tena.

Ndo tunafika kwenye mvua. Mwandishi wenu kaiogopa bure. Kama chini kumejengwa sawasawa mvua ya kawaida ni maji ya bure, unangoja madimbwi yazame yenyewe (usiyasukume na ufagio, unasukuma na unga pia), unapitisha wavu wa kuburuta wa kusawazishia unga, unacheza. Kinachoua uwanja wa udongo ni ukavu. Chembe za tofali na chokaa zinashikana kwa unyevu na si kwa kitu kingine, hakuna gundi pale, siku unyevu ukiisha zinaachana na upepo unazibeba. Unaanza kuona vumbi jekundu kwenye majani ya miti ya jirani, halafu mabaka meupe nyuma ya msitari wa mwisho pale wanaposimama kuanzisha mpira, hiyo ni chokaa inachungulia, na ukiona chokaa imeshachungulia ujue umechelewa wiki mbili.

Mimi nilikuwa napima kwa kisigino. Asubuhi naingia, nakanyaga na kisigino nazungusha mara moja: pakitoka alama safi kama muhuri basi uko sawa, pakitoka vumbi nafungua maji, na pakibaki shimo linalong'aa nafunga geti nawaambia wasubiri nusu saa na wanachukia. Maji mengi ni ya jioni baada ya mchezo wa mwisho, hadi yazame, usiku kucha uwanja unakunywa. Mchana ni kunyunyiza tu juu juu kati ya mechi na mechi. Rola inapita kukiwa na unyevu, si kukiwa na maji wala kukiwa pakavu, ukipitisha rola pakavu unavunja tu ukoko na kutengeneza vumbi zaidi. Kuna sehemu wanachanganya chumvi ya kalsiamu kloraidi inayovuta unyevu toka hewani, inasaidia kweli hasa kwenye ile ya kijani, ila inakula misumari inayoshikilia tepu za mistari na ukizidisha panakuwa utelezi, kwa hiyo usimpe mtu mwenye mkono mwepesi.

Na wachezaji nao! Mtu kateleza kaacha mfereji wa urefu wa mkono, anauangalia, anaenda zake kupiga pointi inayofuata. Ule mfereji ni wa kurudishia na kiatu pale pale, unasukuma unga urudi unakanyaga mara mbili, sekunde tano. Usipofanya hivyo anayefuata anauchimba zaidi, na siku ya tatu ni shimo linalohitaji chokaa mpya, maji na kushindilia, na halitashikana kama mwanzo. Wavu wa kuburuta ukimaliza kucheza ni zamu yako, si ya mtunzaji, na unaburuta kwa mzunguko ukianzia pembeni kwenye uzio unaingia ndani hadi katikati, usitoke nje, manake ukianzia katikati kila siku unahamisha uwanja kidogo kidogo mpaka unakuwa na tuta kuzunguka uzio na bakuli katikati. Nimeliona bakuli la namna hiyo, mvua ikinyesha bata wangeweza kuogelea.

Kila mwaka inatakiwa pia kukwangua ule unga uliokufa juu, uliokwisha kuwa laini kama poda, na kurudishia mpya, tani moja hadi mbili kwa uwanja mmoja. Hili wanakamati huwa hawalielewi. Wanauliza ule wa mwaka jana umeenda wapi. Umeenda kwenye soksi zenu, nawaambia, na kwenye mapafu ya jirani.

Sehemu ya mwisho niliyofanya kazi walikata maji. Eti bili kubwa, mwagilia mara mbili kwa wiki inatosha, na mtunzaji wa pili wakamwondoa nikabaki peke yangu na viwanja vitatu. Nikawaandikia, nikawaonesha mabaka, wakasema tutaliangalia. Mwezi wa nne mtu kakanyaga penye chokaa tupu kaanguka kaumia mkono, kikao kikaitishwa haraka kwelikweli, na uamuzi ukawa kwamba udongo unasumbua, tumwage zege. Hakuna aliyesema neno maji kwenye kikao kile isipokuwa chupa walizokuwa wanakunywa.

Kwa hiyo Mhariri naomba msahihishe mambo mawili tu, ule si udongo na adui yake si mvua. Na muongeze kipengele kimoja kwenye ile orodha ya vifaa, mtu. Kabla ya rola na kabla ya neti, mtu wa kufungua bomba jioni na analipwa.

Ule uwanja wa zege nilipita juzi juzi. Walimwaga juu juu bila hata kuyatoa mawe ya chini, rangi ya kijani imeshaanza kubabuka na kuna ufa umekatiza toka nguzo ya neti. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na maji yote yalikuwa yanakimbilia upande uleule wa kushoto nilikouinamishia.

Msomaji wenu,
mtunza uwanja mstaafu