Wanaoandika habari za taarab waisikilize kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mchana nauza vitambaa Darajani, usiku ni mpiga fidla wa ridhaa katika kikundi cha taarab.

Ukurasa wako wa burudani unachapa tathmini za wasomaji kuhusu maonyesho ya taarab. Ni jambo jema na nisingependa ulifute, lakini tathmini zenyewe zimeporomoka. Karibuni mmoja aliandika kuwa kikundi kilianza kwa "kujaribu vyombo" muda mrefu kwa sababu mwimbaji alichelewa. Nilikuwapo ukumbini, tena kama msikilizaji. Mwimbaji alikuwa ameshakaa kitini. Kilichopigwa ni bashraf! Ndiyo inayofungua taarab ya asili, vyombo vitupu bila maneno, na usiku ule fidla na nai, ile filimbi ya mwanzi, zilijibizana vizuri sana.

Mwandishi huyo akalalamika tena kuwa mpiga kanuni aliwachosha watu kwa "kuchezea nyuzi" baina ya nyimbo. Kanuni ni chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa kudonoa, nacho kina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti. Ukitoka kwenye wimbo wa mahadhi ya rasti ukaingia wa mahadhi ya bayati, sharti vile vijichuma vya ubavuni vinavyopandisha na kushusha sauti viinuliwe au vilazwe, la sivyo chombo kitagombana na mwimbaji.

Sehemu iliyobaki ilikuwa gauni la mwimbaji, fedha alizotunzwa, na nani alipigwa kijembe. Shairi halikuguswa. Beti za mistari mitatu, mizani 16 kila mstari, vina vya kati na vya mwisho, mtu amekaa akazitunga, na hata jina lake halikutajwa.

Sidai kila anayeandika awe amesomea muziki. Nilipoingia kwenye kikundi, kulikuwa na akina mama wa safu ya mbele ambao hawakujua nota hata moja. Onyesho likimalizika walimfuata mpiga dumbak, ile ngoma ndogo ya mkono: "Mwanangu, leo wimbo wa pili umeukimbiza." Na kweli alikuwa ameukimbiza. Walijua kwa sababu walikuwa kimya wakisikiliza.

Linaniuma kwa kuwa nyimbo nyingi za vikundi vyetu hazirekodiwi. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi, nasi leo tunamsikia. Vikundi vya mitaani havina bahati hiyo. Kinachobaki ni maneno machache gazetini, na atakayeyasoma baadaye atakuta gauni tu.

Kwa hiyo, Mhariri, tathmini ikifika mezani kwako, muulize aliyeileta: shairi ni la nani, lilipigwa kwa mahadhi gani, nani alishika kanuni? Akishindwa, mrudishie aende akawaulize wapigaji. Sisi tukimaliza onyesho huwa bado tupo, tunafunga vyombo, na kuulizwa kunatufurahisha.

Mpiga fidla,
Kikwajuni, Zanzibar